Kwa wanangu wa mwaka wa kwanza: isomeni ile karatasi ya siku ya kwanza

Wanangu,

Najua wengine wenu bado mko kwenye foleni ya usajili, begi la nguo miguuni na fomu mkononi, mkiulizana kama jina limetoka Bodi ya Mikopo. Poleni na safari. Mimi nimefundisha historia chuo kikuu kwa miaka 31. Sasa nimestaafu, nipo Morogoro, nalima mchicha na bamia, lakini kila muhula mpya unapofunguliwa moyo wangu hurudi darasani. Nina jambo la kuwaambia mapema, kabla wenzenu wa mwaka wa pili hawajawafundisha njia zao.

Kipindi cha kwanza cha kila kozi mtapewa mwongozo wa kozi, au mtatumiwa kwenye simu. Ni kurasa mbili, tatu. Humo mna mada za kila wiki, vitabu vya kusoma, tarehe za majaribio, mgawanyo wa alama, na kanuni: kuhudhuria, kuchelewesha kazi, simu darasani, kunakili. Wengi hupiga picha ule mstari wenye tarehe ya jaribio, basi. Kilichobaki wanakijua siku wanapoitwa ofisini.

Isomeni yote. Karatasi ile inambana mwanafunzi, na inambana mwalimu pia. Niwaeleze nilivyolijua hilo.

Miaka yangu ya mwanzo sikuwa naandika kanuni. Nilisema kwa mdomo tu kwamba kazi ije Ijumaa. Muhula mmoja vijana wawili walichelewa. Wa kwanza alibisha hodi ofisini, akaniamkia vizuri, akaeleza shida yake kwa Kiingereza kilichonyooka, nami nikamwongezea siku tatu. Wa pili hakuja. Niliandika sifuri mbele ya jina lake. Baada ya matokeo nikaambiwa na wenzake kwamba alikuwa amekwenda kijijini kumzika baba yake, na aliporudi alidhani ukichelewa ndiyo basi. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kusoma chuo. Nani angemwambia kwamba mhadhiri anaweza kuombwa? Yule wa kwanza alikuwa na kaka aliyemaliza chuoni hapohapo. Sikumwonea mtu kwa makusudi, lakini nilimpa aliyejua mlango na nikamnyima asiyejua. Jambo hilo bado linaniuma. Tangu muhula uliofuata niliandika kila kitu: ukichelewa bila taarifa unapoteza alama 5 kwa siku, ukifiwa au ukiugua leta barua ndani ya wiki moja, na kila mmoja anayo haki hiyo.

Ndiyo maana nikisikia kijana anasema kanuni za darasa ni ukoloni, nasikitika. Mwenye mjomba ofisini hahitaji kanuni. Anayezihitaji ni mtoto wa mkulima wa Kasulu au wa mama lishe wa Tandika.

Chuo kikuu cha kwanza nchini kilipofunguliwa Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wake hawakufika 15. Mwalimu aliweza kumjua kila mmoja kwa sura na kwao. Leo mnaweza kuwa mia nne katika ukumbi mmoja, wengine mmekaa kwenye ngazi. Mhadhiri hawezi kuwajua wote hata akipenda, kwa hiyo kinachowasemea ni kile kilichoandikwa.

Sasa angalieni kitu ambacho karibu kila mtu hukiruka: idadi ya krediti. Katika vyuo vyetu krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Mkikaa darasani saa tatu kwa wiki, mihadhara pamoja na semina, kwa wiki 15 ni saa 45. Zile 75 ziko wapi? Ni zako, maktaba na kitandani kwako na chini ya mti. Ukiwa na kozi tano za namna hiyo, unatakiwa kusoma peke yako saa 25 kila wiki, juu ya vipindi. Anayeambiwa na mwongozo “soma sura ya tatu kabla ya semina” akafikiri ni pendekezo, hajaiona hesabu hii. Ataanza kupiga msuli wiki ya 14, usiku kucha, na hapo hata mwenye akili nyingi huchoka.

Semina niliipenda kuliko muhadhara, na ndiko mnakoogopa zaidi. Mnaogopa Kiingereza. Mtu ana hoja nzuri kuhusu Maji Maji, bibi yake amemsimulia mambo ambayo hayamo kitabuni, halafu ananyamaza kwa kuhofia kuchekwa. Wanangu, ongeeni. Kosea wakati uliopita wa kitenzi, tutakuelewa. Na wewe unayecheka, mwalimu makini atakutoa nje, atakuwa amefanya vizuri.

Kazi za vikundi zimevunja urafiki mwingi. Mnapangwa kumi, wanafanya wawili, majina kumi yanaandikwa kwenye ukurasa wa mbele. Nimewahi kusahihisha kazi ya kikundi, nikamwita mmoja wao nikamuuliza swali jepesi, akaniambia, “Mama, mimi nilichangia hela ya kuprinti.” Alisema kweli na wala hakuona aibu, maana ndivyo alivyokuta. Kama mwongozo umesema kila mwanakikundi awe tayari kuitetea kazi, wenye kufanya kazi muushike huo mstari. Gawaneni sehemu siku ya kwanza, andikeni nani kachukua nini, na asiyeonekana mwambieni mhadhiri mapema, kabla ya kukusanya. Huo si usaliti. Jina lake likikaa pale, nanyi mmetia sahihi uongo.

Na madesa. Mtaletewa kazi za miaka iliyopita, majibu yamepangwa, yamepigwa chapa. Kulisoma desa ili uone mwenzako alivyojenga hoja, sawa, hata mimi nilisoma kazi za walionitangulia. Kulibadilisha jina ukalikusanya ni wizi, na vyuo vingi sasa vina programu zinazolinganisha maandishi. Hizi za akili mnemba nazo zina hatari yake: hukuandikia insha laini, kisha hukutajia kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa na mtu yeyote. Wahadhiri hawakubaliani kuhusu matumizi yake. Mmoja ataruhusu kwa kupanga mawazo, mwingine atakataa kabisa. Msifuate uvumi wa bwenini, tazameni mwongozo wa kozi husika unasemaje, na kama haukusema, ulizeni kipindi cha kwanza mbele ya wote.

Kuhusu simu na kuchelewa sina maneno mengi. Zimeni sauti. Daladala likikwama, ingia kimya na ukae nyuma.

Lakini alama zenu zilindeni. Mara nyingi kazi za muhula ni 40 na mtihani wa mwisho ni 60, ingawa si kila mahali. Hizo 40 zihesabuni wenyewe. Kila kazi mnayorudishiwa iwekeni kwenye faili, na mnayokusanya bakini na nakala yake. Nimeona binti wa mwaka wa tatu akilia koridoni kwa sababu alama za jaribio la mwaka wa kwanza hazionekani kwenye mfumo, na aliyesahihisha ameshakwenda masomoni ng’ambo. Karatasi ya jaribio hakuwa nayo. Matokeo ya kazi za muhula yanapobandikwa kabla ya mtihani, nendeni mkayaangalie siku hiyohiyo.

Hili la mwisho nalisema kwa uzito wote. Mabinti zangu, na wavulana pia: hakuna mwongozo wa kozi wenye mstari unaosema alama hupatikana gesti, au kwa chakula cha jioni, au kwa “njoo nyumbani tuongee kuhusu sapu yako,” yaani mtihani wako wa marudio. Mhadhiri akikwambia hivyo, ameuvunja mkataba na ameivunja sheria ya nchi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inaitambua rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Tunza ujumbe wake, mwambie mtu mzima unayemwamini, nenda dawati la jinsia au piga TAKUKURU, 113, ni bure. Kama umepewa alama usizostahili, una haki ya kukata rufaa kwa maandishi, na hapo ndipo faili lako litakapokusaidia.

Kwenye mwongozo huohuo, chini kabisa, mtakuta saa za mhadhiri kuonana na wanafunzi. Mimi nilikaa Jumanne na Alhamisi, saa nane hadi saa kumi alasiri, mlango wazi. Wiki za mwanzo nilikaa peke yangu nikisahihisha. Wiki ya mitihani foleni ilifika kwenye ngazi na sikuweza kumsikiliza mtu kwa dakika tano. Nendeni sasa, wiki ya pili, ya tatu, na swali moja tu. Bisheni hodi, salimieni, semeni jina na kozi yenu, ulizeni.

Mama yenu,
mhadhiri mstaafu wa historia, Morogoro