Msimu wa Carlisle wa 1911 haukuwa wa Thorpe peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe makala ya ukurasa wa michezo iliyosimulia msimu wa 1911 wa timu ya futiboli ya Marekani ya Carlisle, shule ya vijana wa wenyeji wa asili wa Marekani iliyokuwa jimboni Pennsylvania. Mwandishi alimsifu mchezaji Jim Thorpe, na sifa hizo anazistahili, lakini aliandika kana kwamba mtu mmoja aliingia uwanjani akashinda peke yake, na kana kwamba shule yenyewe ilikuwa mfadhili mwema wa vijana wale. Yote mawili yamenisikitisha.

Thorpe alipoumia mguu, wenzake waliingia uwanjani bila yeye wakaichapa timu ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania 16–0. Wiki moja baadaye, Novemba 11, vijana hao wa kocha Glenn Warner walikuwa Cambridge, jimboni Massachusetts, kuikabili timu ya Chuo Kikuu cha Harvard, ambayo mwaka uliotangulia haikupoteza mechi hata moja, na ambayo siku hiyo iliwadharau kiasi cha kuanza na wachezaji wa akiba. Thorpe alirudi uwanjani mguu ukiwa umefungwa bandeji nzito, na mara nne aliupiga mpira ukapita juu ya mtambaa wa panya, mkwaju wa mwisho akiupiga kutoka karibu na katikati ya uwanja. Carlisle ilishinda 18–15.

Hata hivyo, mikwaju ile minne, kwa pointi 3 kila mmoja, ni pointi 12, na 12 haishindi 15. Pointi 6 zilizobaki zilitokana na mpira kusogezwa mbele mpaka ukavushwa mstari wa mwisho, pamoja na mkwaju wa nyongeza. Kazi hiyo isingewezekana bila wachezaji wa mbele waliojitupa miilini mwa wapinzani kufungua njia, wala bila Gus Welch, kijana wa kabila la Ojibwe aliyekuwa akiongoza mashambulizi. Jina lake halimo katika makala yenu. Msimu huo walishinda mechi 11 na kupoteza moja tu, dhidi ya Syracuse, kwa tofauti ya pointi moja, 12–11.

Kuhusu shule, ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: Carlisle ilianzishwa mwaka 1879 na ofisa wa jeshi, Richard Henry Pratt, ndani ya kambi ya kijeshi. Watoto wa wenyeji wa asili wa Marekani waliletwa kutoka mbali sana na makwao, wakanyolewa nywele, wakavishwa sare na kukatazwa kusema lugha za mama zao, kwa lengo lililotangazwa waziwazi la kuufuta uenyeji wao. Zaidi ya 180 walizikwa hapohapo. Shule ilifungwa mwaka 1918, lakini ni tangu 2017 tu ambapo jeshi limekuwa likifukua mabaki na kuyarudisha kwa jamaa zao. Siwezi kuuita huo ufadhili, na sidhani kama mwandishi wenu angeuita hivyo iwapo angesimama mbele ya mawe yale meupe ya makaburi, ambayo mengine yameandikwa tu kwamba aliyelala hapo hajulikani.

Ukurasa wa michezo ukirudi tena kwenye msimu ule, naomba umtaje Welch na wenzake, na uwaeleze wasomaji walikuwa wakitokea shule ya namna gani kila walipopanda treni kwenda kucheza.

Wako,
Msomaji wa miaka mingi