Ile 112 si yako, swahiba

Swahiba wangu,

Picha ya saa yako ya GPS, uliyoivaa ukishuka mlima wa theluji kwa ubao, nimeipata, na nimecheka peke yangu mpaka watu wakaniuliza kuna nini. Kilomita 112 kwa saa! Wewe, ambaye msimu uliopita ulishuka mlima kwa makalio kuliko kwa ubao? Naona umeshawatambia wengi, lakini kabla hujaendelea naomba unisikilize kidogo.

Ifungue tena ile safari kwenye simu, uache namba kubwa ya juu, uangalie mchoro wa mwendo sekunde kwa sekunde. Kwenye mshuko wa tatu ulikuwa kwenye 46, sekunde iliyofuata 112, kisha 44. Sasa fikiria: mtu akidondoka gengeni moja kwa moja, mwendo wake huongezeka kama kilomita 35 kwa saa kila sekunde. Wewe uliongeza 66. Yaani ulilishinda jiwe linaloanguka, halafu ukafunga breki palepale bila kuvunjika mguu. Hongera sana.

Nadhani kosa ni la lile jabali ulilosema njia inapita chini yake. Satelaiti haikuoni wala haina habari nawe. Saa ndiyo inayosikiliza. Inapokea mawimbi ya satelaiti zisizopungua nne na kukadiria yamechukua muda gani kufika. Mawimbi hayo huenda kwa kasi ya mwanga, kwa hiyo kosa la sehemu moja ya bilioni ya sekunde tu ni sentimita 30. Yakigonga jabali kwanza ndipo yakufikie, yanakuja yamechelewa, na saa inakuweka mahali ambapo hupo. Ukilipita jabali, inakurudisha ulipo. Huko kurudishwa ndiko ilikokuhesabia mbio. Saa yako ikiwa na mpangilio wa kutumia mifumo mingine ya satelaiti, yaani Galileo, GLONASS na BeiDou, pamoja na GPS, uwashe. Ikiwa inapokea mawimbi ya masafa mawili tofauti kutoka satelaiti ileile, bora zaidi, ingawa betri itakwenda haraka.

Usidhani ni wivu. Mimi mwenyewe nilikuwa na rekodi ya 97, nikaitunza wiki nzima. Kumbe nilisahau kuizima saa nilipopanda gari kurudi. Hilo usimwambie mtu.

Ninachokiamini zaidi kwenye saa ni hesabu ya mishuko na jumla ya mita ulizoshuka. Saa nyingi za aina yako zina kipimo cha mgandamizo wa hewa. Ukiwa kwenye lifti ya viti mgandamizo unapungua, saa inajua unapanda na inasimamisha hesabu. Ukianza kushuka inafungua mshuko mpya bila wewe kugusa kitu. Ila kipimo hicho nacho hukorofishwa na hali ya hewa. Dhoruba ikikaribia mgandamizo hushuka, na saa ikaamini umepanda mlima hali umelala kitandani. Kwa hiyo asubuhi, ukikuta kibao cha mwinuko kwenye kituo cha lifti, iambie saa namba hiyo. Na usianze kabla haijashika satelaiti. Simama mahali pa wazi, uipe muda kidogo.

Baridi ndiyo iliyonisumbua zaidi mwanzoni. Nilikuwa naivaa juu ya jaketi ili niione vizuri, betri ikawa inakata mapema na mapigo ya moyo hayasomeki kabisa. Ni kawaida, ile taa ya kijani chini ya saa inayosoma mapigo inahitaji ngozi. Sasa naivaa ndani ya mkono wa jaketi, imebana kidogo. Hata hivyo kwenye baridi kali damu hupungua karibu na ngozi na namba za moyo zinaanza kuyumba, kwa hiyo anayezitaka hasa avae mkanda wa kifuani. Vitufe navipenda kuliko kioo cha kugusa, kwa sababu ya glovu.

Jambo jingine dogo: weka irekodi kila sekunde. Ukienda kilomita 60 kwa saa unakata karibu mita 17 kwa sekunde moja, na sisi wa ubao tunakwenda kwa kupinda. Saa inayoruka sekunde kadhaa inazinyoosha kona zako zote na kukupunja umbali. Kwenye kutembea milimani wala haina neno, pale heri kulinda betri.

Na ficha mahali safari zako zinapoanzia kabla hujazitangaza. Unakumbuka ile ramani ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, ya mwaka 2017, iliyokuja kuonyesha mpaka kambi za kijeshi? Wewe huna kambi, lakini una nyumba.

Umeniandikia kwamba mwezi ujao mtatoka nje ya njia zilizosawazishwa, na kwamba huna wasiwasi kwa sababu saa ina GPS. Hapo sikucheka. Saa itakuonyesha njia ya kurudi, sawa, lakini maporomoko ya theluji yakikufukia haitamwita mwenzako pale ulipo. Kinachofanya kazi hiyo ni kile kifaa cha kifuani kinachorusha mawimbi ya kilohezi 457, na kila mmoja wenu awe nacho, pamoja na koleo na fimbo ndefu ya kudunga kwenye theluji kumtafuta aliyefukiwa, na awe amefanya mazoezi ya kuvitumia. Niandikie uniambie mnavyo vingapi, na mpo wangapi.

Wako,
yule wa 97