Superman wa 1938 hakujua kuruka angani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyelalamika kwamba mashujaa wa katuni za Marekani huharibiwa kila wanapobadilishwa.

Mjukuu wangu alirudi nyumbani na mkoba wenye picha ya Spider-Man, akaniuliza kama huyo bwana ana mke. Nikamweleza kwamba alioa mwaka 1987, lakini mwaka 2007 ndoa ikafutwa, si kwa talaka, bali kwa mapatano na shetani yaliyoifanya ionekane haikuwahi kufungwa. “Sasa babu, mahari ilirudishwa?” Sikuwa na jibu.

Mashujaa hawa ni mali ya kampuni, na mali inayouzwa tangu 1962, kama Spider-Man, hairuhusiwi kuzeeka. Ndiyo maana Superman aliyeuawa mwaka 1992 alirejea mwaka uliofuata. Bibi yangu alipotusimulia habari za Sungura hapa Unyamwezini, Sungura alinaswa usiku huu na kesho yake tukamkuta yuko huru, wala hatukudai maelezo, kwa kuwa kila “hadithi njoo” ilifungua hadithi nyingine. Katuni hizi, kinyume chake, huendeleza toleo la mwezi uliopita, hivyo anayetaka kumrudisha shujaa alikotoka hulazimika kutafuta kisingizio, na visingizio vingine, kama hicho cha ndoa, ni vya aibu.

Hata hivyo, mwenzangu hakujiuliza ni mwanzo upi anaoutetea. Superman aliyebuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster hakupaa. Aliruka tu kama panzi, mita 200 hivi kwa mruko mmoja. Katika toleo lake la kwanza alimkabili mume anayempiga mkewe. Miezi michache baadaye alijifanya mchimbaji, akamnasa tajiri mwenye mgodi pamoja na wageni wake wa karamu chini ya ardhi, ili waonje hatari waliyokuwa wakiwaachia vibarua. Kupaa na nguvu za kusukuma sayari vilikuja baadaye. Mwaka 2011 alipochorwa upya akiwa kijana aliyevaa jinzi na fulana, akiwaandama matajiri wadhalimu, wapo waliodhani amegeuzwa mtu mwingine, kumbe huyo ndiye mkongwe kuliko wote. Sisi tunaoishi jirani na machimbo ya dhahabu ya Nzega hatukuhitaji kufafanuliwa alikuwa nani.

Mwalimu mstaafu,
Isevya, Tabora.