Kwa mwanangu wa Paje: unayemwomba si meneja wako

Mwanangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Ruhusa nayo umenipa, ndiyo maana jibu nalibandika hapa mbele za watu. Jina lako silitaji. Uliyoniambia kwenye ule ujumbe wa sauti si yako peke yako: vijana wa mahoteli wanaokuja mjini kusali huniuliza hayo hayo, kila mmoja akidhani ndiye wa kwanza kupatwa nayo.

Ulisema unasali lakini unaona kama unazungumza na dari. Wenzako, ikifika adhuhuri, wanatia udhu, wanatandika mswala nyuma ya stoo, na baada ya muda mfupi wanarudi kazini wametulia. Wewe umesimama na trei mkononi na hujui uanze na neno gani. Ukauliza: "Shangazi, hivi sisi tumepewa nini?"

Kwanza, wenzako hao wasikutie unyonge, wakutie hamu ya kujifunza. Mie nimezaliwa Unguja, nimeamshwa na adhana ya alfajiri maisha yangu yote, na sijaona kwamba imenipunguzia Ukristo wangu. Imenikumbusha kwamba na sisi tuna saa zetu. Sala za Asubuhi na Sala za Jioni zimo kwenye Kitabu cha Sala chetu Waanglikana, Wakatoliki wa Minara Miwili, kanisa lao la mjini, wana masifu yao, lakini walei tumewaachia mapadri na masista kana kwamba ni kazi ya mshahara. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza. Kisiwa kizima kilikuwa kimefunga, na bado Wakristo wenzangu walikuwa wakilalamika kwamba Kwaresima ngumu. Basi saa unazo. Ila naona tatizo lako si saa.

Nilikusikia ukisali ulipokuja Pasaka. Ulidhani nimelala. Ulianza kwa kuomba radhi kwamba umechelewa kusali, ukaeleza ulivyoshindwa wiki ile, ukaomba kodi, ukaomba upangiwe zamu nzuri, ukaahidi kujitahidi, ukasema amina. Mwanangu, ile ilikuwa ripoti. Unasimama mbele za Mungu kama mfanyakazi aliyeitwa ofisini kwa meneja: unataja makosa kabla hujaulizwa, unapitisha ombi lako haraka haraka, kisha unatoka kinyumenyume ukishukuru hukufukuzwa. Mtu akisali hivyo miaka mingi hawezi kumwona Mungu yu karibu. Meneja hakai karibu na mtu.

Sasa fungua Yohana 15, aya ya 15. Bwana Yesu yuko mezani na wanafunzi wake usiku ule wa mwisho, anawaambia: "Siwaiti tena watumwa, kwa maana mtumwa hajui atendalo bwana wake, lakini ninyi nimewaita rafiki."

Sisi watu wa Unguja hatuwezi kuisoma aya hiyo mbio mbio. Wewe umepita Mkunazini mara ngapi? Soko la watumwa lilikuwa pale pale. Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga mwezi Juni 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa hapo jiwe la msingi la kanisa letu. Askofu Edward Steere, aliyeusimamia ujenzi, alifariki mwaka 1882 na amezikwa nyuma ya altare. Tangu utotoni tumesimuliwa kwamba altare imesimama palipokuwa na mti wa kuwachapia watu. Watalii wanakuja kupiga picha zile sanamu zenye minyororo shingoni, halafu wanakwenda zao Forodhani. Sisi tunapiga magoti hatua chache kutoka hapo na kupokea mwili na damu ya Kristo.

Na ukoo wetu unajua kwa nini tuko hapa. Misheni ya UMCA, wamisheni wa Kianglikana kutoka Uingereza, ilinunua shamba la Mbweni mwaka 1871 ili kuwaweka watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na bibi wa bibi yangu alikuwa miongoni mwao. Sitakupambia habari: wamisheni nao walikuwa na mabavu yao, waliamulia watu mambo mengi ambayo mtu mzima huamua mwenyewe, na hayo nyumbani kwetu yalisemwa kwa sauti ya chini. Lakini fikiria mtu aliyekaguliwa meno sokoni kama mnyama, halafu anakaa kwenye benchi Mbweni anasomewa kwa Kiswahili, kwa lugha anayoisikia, kwamba Mwana wa Mungu hamwiti mtumwa, anamwita rafiki. Mie naamini yule bibi aliyaelewa maneno yale kuliko mwanateolojia yeyote. Wewe ni mjukuu wake. Umerithi urafiki, kisha unakwenda kuomba zamu!

Angalia tena aya hiyo. Mtumwa hajui bwana wake anafanya nini, rafiki anaambiwa. Kwa hiyo ukaribu hauanzi na wewe kupaza sauti, unaanza na yeye kukueleza mambo yake. Ndiyo maana nakwambia soma Injili. Usisome kama wa mtihani wa Komunyo ya kwanza, sura tatu kwa siku ili umalize. Chukua Yohana, soma kisa kimoja, mfuate Yesu anavyokwenda, anavyokasirika, anavyochoka akakaa kisimani Samaria na kumwomba maji mwanamke ambaye watu hawamsalimii. Ukishasoma nyamaza kidogo. Basi.

Kunyamaza huko wenzetu wa Pemba wamekufanya ibada kamili. Mwaka 1897, mwaka ule ule utumwa ulipofutwa kisheria katika dola ya Zanzibar, walifika Pemba Wakristo kutoka Uingereza wanaoitwa Marafiki, wakafanya kazi na watu waliotoka utumwani. Jina lao limetoka hapo hapo, Yohana 15. Na desturi yao ya asili ya kuabudu ni kukaa pamoja kimya, hakuna anayehubiri, mpaka mtu asukumwe na Roho kusema. Mie ni Mwanglikana wa uvumba na kengele, ningesinzia. Lakini nawaheshimu, kwa sababu sisi wengine tumezoea kumjazia Mungu maneno mpaka yeye hapati nafasi ya kusema.

Sasa nije kwenye lile zito.

Tangu tumzike baba yako hujamwambia Mungu neno la kweli. Pale msibani ulisema "mapenzi yako yatimizwe" kwa sababu ndivyo watu wanavyosema, na watu wote wakakusifu kwa imani yako. Mie niliyekuwa nimekukumbatia nilijua umekasirika. Alikuwa baba yako, na alikuwa kaka yangu, tumelala mkeka mmoja utotoni, na mie pia nilikasirika. Tofauti yetu ni kwamba mie nilimwambia Mungu. Nilimwambia kwa maneno ambayo padri angeyasikia angetafuta kiti akae. Huwezi kuwa karibu na mtu huku umemficha jambo kubwa kuliko yote moyoni mwako, hata awe anakupenda namna gani; mtakuwa mnaulizana hali tu.

Kama huna maneno, azima. Zaburi ya 13 inaanza: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Hayo yamo ndani ya Biblia, mwanangu, na yaliimbwa hekaluni. Zaburi hiyo inaishia kwenye matumaini, sawa. Lakini ipo ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina hata mstari mmoja wa kumalizia vizuri. Nilipoisoma mwaka ule wa msiba nilishangaa kwamba wazee waliokusanya Zaburi hawakuitoa. Waliiacha kwa ajili ya watu kama sisi. Isome kwa sauti, mahali ambapo hakuna wa kukusifu.

Mahali, najua, ni taabu. Bwana Yesu anasema katika Mathayo 6 uingie chumba chako cha ndani na kufunga mlango, nawe kwenye nyumba ya wafanyakazi mnalala wanne chumba kimoja, na mmoja hazimi simu yake mpaka usiku wa manane. Yeye mwenyewe hakuwa na chumba. Marko 1:35: "Hata alfajiri na mapema sana akaondoka, akatoka akaenda zake mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko." Wewe una pwani ya Paje. Maji yakitoka yanakwenda mbali, na kabla kinamama wa mwani hawajashuka na kabla wageni hawajaamka, mchanga wote ule ni wako. Tembea useme naye. Zamu ya usiku ikikuchosha, sali kitandani umejifunika shuka. Sijawahi kusoma kwamba Mungu anadai mtu awe wima.

Huyo "mtumishi" wa kwenye simu anayekutaka utume shilingi elfu hamsini za mbegu ili mbingu zifunguke, mfute. Sina maneno mengi juu yake. Pazia la hekalu lilipasuka Ijumaa Kuu na hakuna aliyetoa nauli.

Uliniuliza tena kama utamhisi. Sijui, na nisikudanganye. Siku nyingine namhisi hata machozi yananitoka katikati ya Sanctus, ule wimbo wa "Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu". Kuna vipindi virefu ambavyo sihisi chochote, nakwenda tu, napiga magoti, nafungua mdomo napokea. Hapo ndipo nataka kulijibu swali lako la kwanza, tumepewa nini. Tumepewa huyo huyo. Katika Komunyo anakuja kwako siku unayohisi na siku usiyohisi, na kuja kwake hakupimwi kwa jinsi wewe ulivyoamka. Mtu aliyeacha kupokea kwa sababu eti "hajisikii" naona anafanya kinyume kabisa. Umekaa miezi mingi hupokei, nimekuona unabaki kwenye benchi, sikukuuliza kwa sababu nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe. Umeniambia.

Na kuna moja la mwisho, ambalo Yohana 15 haiachii. Katika maneno yale yale ya urafiki Bwana ameweka amri, kwamba tupendane. Kuna jina nimeliandika hapa kisha nikalifuta. Unalijua, na mwenye jina anajua pia. Hamjasalimiana tangu ugomvi wa kile kiwanja. Yohana huyo huyo katika waraka wake wa kwanza anasema asiyempenda ndugu yake ambaye amemwona hawezi kumpenda Mungu ambaye hakumwona, na hakuweka kando wale wenye haki katika kesi ya kiwanja. Mie naona haki unayo. Mpigie hata hivyo. Kama simu ni nzito, tuma salamu, moja tu, bila kutaja kiwanja.

Mapumziko yako mwezi huu sijui yameangukia siku gani. Ukipata Jumapili, panda daladala ya asubuhi, ukishafika mjini njoo moja kwa moja Mkunazini, tutakaa benchi moja. Ukitaka kuungama kwanza, padri anasikia Jumamosi jioni, na unaweza kulala kwangu Mbweni. Nijulishe mapema ili nimwambie, na ili ninunue samaki, maana Jumapili marikiti samaki wazuri huisha mapema.

Shangazi yako