Mlimani, kaa jiwe moja

Mhariri,

Kipupwe kikiingia, vijana wa Tanga mjini hupanda Lushoto na Amani, kwenye milima ya Usambara, kupiga picha. Wengi hurudi na sura zao wenyewe mbele ya ukungu wa kijivu kama jivu la mkaa, na lawama zote wanaitupia simu. Simu haina kosa. Tatizo ni haraka: asubuhi jabali la Irente, mchana maporomoko, jioni wako Mombo wanasubiri basi.

Utulivu ambao watu wanaufuata Usambara haupatikani kwa kupita. Chagua jiwe moja kando ya kijito, keti dakika 20, simu ikiwa mfukoni. Ukifika tu ndege hunyamaza, na mwanzoni utasikia maji peke yake. Kisha ndege chozi hurudi kwenye ua lake, mbega hutikisa tawi huko juu, na macho huanza kuona vidogo: kuvumwani iliyolowa, utando wa buibui wenye matone, kiwavi chini ya jani. Hapo toa simu. Aliyetazama kwanza hupiga picha nne tu, na kila moja anajua kaipigia nini.

Sasa huo ukungu. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaupunguza. Ndiyo sababu ya ukijivu. Kwenye simu, gusa kioo palipo na kitu unachokitaka, shikilia mpaka fokasi ijifunge, halafu buruza kile kijua kidogo juu taratibu. Kwenye kamera, ongeza mwanga kwa +0.7 hadi +1. Na uweke shina jeusi karibu nawe, ukungu uwe nyuma yake, kwa maana ukungu mtupu haulipi jicho mahali pa kutua.

Irente hutazama magharibi, kwenye nyika. Asubuhi jua liko mgongoni mwako na bonde linaonekana vizuri. Alasiri linakuchoma machoni, labda kama unangoja machweo. Msituni ni kinyume. Jua la saa sita likipenya kwenye majani huacha mabaka meupe na meusi yasiyopatana kwa lolote. Siku ya mawingu, au nusu saa baada ya manyunyu, ndiyo siku yenyewe. Lakini msituni kuna giza kuliko macho yanavyokwambia, na picha hutikisika. Kunja kanga mara nne, iweke juu ya jiwe, egemeza simu hapo, tega kihesabu cha sekunde 2 au 3, kisha ondoa mkono. Kidole kinachobonyeza ndicho kinachoharibu.

Amani kuna ua dogo la urujuani ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa enzi zile, alilipeleka Ujerumani mapema miaka ya 1890, na leo linapandwa vyunguni dunia nzima. Kwao Usambara huota mwambani, kivulini, kwenye udongo mwembamba sana. Lala kifudifudi upige ukiwa usawa wake, usiweke goti kwenye kuvumwani: ikibanduka, mmea nao umeondoka. Rangi ikitoka ya buluu, badilisha mpangilio wa rangi kutoka otomatiki uweke alama ya wingu.

Kinyonga hutafutwa usiku pamoja na mwongozaji wa hifadhi, baada ya kulipia kiingilio. Hulala ncha ya kijitawi, na kwenye tochi huonekana amepauka. Analala pale makusudi, ili adui akikanyaga tawi, mtikisiko umwamshe. Anayemng'oa ili ampige picha mkononi anamwacha kwenye baridi, macho hayaoni, na hawezi kukimbia mpaka jua limpashe moto. Mulika kwa pembeni, picha mbili tatu, ondoka.

Kinachowaua wapiga picha wa pwani ni kurudi nyumbani. Kiswahili kimetoa neno moja, ukungu, kwa ule wa mlimani na kwa ule unaoota ndani ya lenzi, na kweli ni ndugu. Kamera iliyolala kwenye baridi ya Lushoto ikifunguliwa kwenye joto la Tanga hutoka jasho kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, mpaka ndani, na unyevu huo ndio huotesha ukungu wa lenzi. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa ukiwa bado juu, na usiufungue mpaka kamera ipate joto la chumba. Saa moja hivi inatosha. Baada ya hapo isikae kwenye mkoba wa ngozi, maana ngozi hushika unyevu. Itie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na chembe za kufyonza unyevu. Zile za rangi ya chungwa hugeuka kijani zikishiba, basi zibadilishe. Vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu mara nyingi vimeshashiba. Mchele usitumie, una vumbi. Ukungu ukishakula kioo, kusafisha hakurudishi kilicholiwa.

Ombi letu kwako, Mhariri: gazeti likichapisha picha ya kinyonga au ua la Amani, litaje hifadhi tu, si kijito wala njia. Nasi wapigaji tuzime kitambua mahali kwenye simu kabla ya kuzituma, kwa sababu wapo wanaosoma picha ili wajue pa kwenda kuchuma.

Wapiga picha wa Ngamiani,
Tanga