Ushuru wa tumbaku ujenge mabweni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na madiwani wetu wa Kaliua, na wenzao wa Urambo na Sikonge, kuhusu magheto, yaani vyumba vya kupanga wanamoishi wanafunzi peke yao karibu na shule.

Ada ya sekondari, kidato cha kwanza hadi cha nne, ilifutwa 2016, na tunashukuru. Shule za kata nazo zimeongezeka tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) uanze 2004. Lakini kata za huku ni kubwa na zina pori. Mtoto wa kitongoji cha wafugaji, au wa shamba la tumbaku lililo ndani kabisa, hawezi kwenda na kurudi kila siku, hivyo mzazi humpangia chumba karibu na shule. Ana miaka 14, godoro, sufuria na unga wa wiki. Ijumaa anaondoka mapema kufuata unga mwingine. Jumatatu anafika saa nne, au hafiki. Unga ukiisha katikati ya wiki, mvulana hutafuta kibarua. Msichana hutafutwa: anayemletea sukari na vocha hakosekani, wala hapo nyumbani hakuna mtu mzima wa kumuuliza amefuata nini.

Halafu kuna msimu. Shule hufunguliwa Januari, tumbaku nayo ndiyo inaiva. Kuchuma, kufunga majani kwenye fito, kupakia banini (nyumba ya kukaushia tumbaku kwa moto), kukesha na moto: kazi hizo hazingoji likizo, na mkulima mwenye deni la mbolea hatalipa vibarua huku ana watoto wake. Simlaumu sana. Ila mwanafunzi wa kidato cha kwanza, ambaye Kiingereza cha darasani bado kinampiga chenga, akikosa wiki mbili tatu hapo mwanzo, akirudi anakuta kila somo limemwacha. Mwalimu anamwandika mtoro, mtendaji anamtoza mzazi faini, mtoto anaenda kuchunga. Hizo faini sijaona zimemfikisha nani kidato cha nne.

Mnunuzi wa tumbaku hulipa halmashauri ushuru wa asilimia 3. Sehemu ya fedha hizo itengwe rasmi kwa mabweni ya shule za kata. Najua litakuja lile la wazazi wachangie matofali kwanza. Tulishachangia maabara, tunajua ilivyokuwa.

Wakati tunasubiri, serikali za vijiji ziyaandike magheto yote daftarini, na kila geto liwe na mlezi wa jirani anayefahamika kwa mkuu wa shule. Mchango wa chakula cha mchana ukusanywe kwa mahindi, mara baada ya mavuno. Kumdai mkulima fedha taslimu Januari ni kumdai asichokuwa nacho.

Na waliokwisha kuacha? Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 unaruhusu kurudi shuleni waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali. Huku wengi wanaamini ni wa wasichana waliojifungua tu. Kijana aliyeishia banini hajaambiwa kwamba naye unamhusu. Usomwe siku za masoko ya tumbaku, wanachama wa AMCOS, vyama vyetu vya ushirika vya wakulima, wakiwa wamekusanyika.

Madiwani, ushuru wa msimu uliopita ulikuwa kiasi gani, na shilingi ngapi zilikwenda sekondari? Bandikeni hesabu hiyo kwenye ubao wa matangazo wa kila kata, tuanzie hapo.

Mwalimu mstaafu,
Kaliua, Tabora