Msafiri, kabla hujaushika mche wa mkoko

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini kwako niseme na wasafiri wanaoteremka pwani wakiwa na nia ya kupanda mikoko. Wengine hutoka Nairobi au Dodoma na wafanyakazi wenzao, wengine ni ndugu zetu wanaoishi Ulaya na Ghuba waliorudi likizo, wengine ni wageni kabisa. Wote wameona ukame na mafuriko yanavyopokezana, na wanataka walau siku moja ya safari yao iwafae watakaokuja baada yao. Nia hiyo ni mali. Ndiyo maana inauma kuiona ikizikwa topeni pamoja na miche, na hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kosa kubwa ni la mahali. Mgeni huletwa maji yakiwa yamekupwa, akaonyeshwa tope pana lililo tupu mbele ya msitu, upande wa bahari, akaambiwa: hapa hapana kitu, tupande. Tope lile lina wenyewe. Kina mama huokota kombe pale, ndege wa bahari hula pale, samaki huingia maji yakijaa. Mikoko haikuota pale kwa sababu maji hukaa muda mrefu mno. Mkoko huvumilia chumvi, lakini mche wenye urefu wa mkono ukifunikwa sehemu kubwa ya siku hukosa hewa. Ukinusurika hapo, mawimbi huung'oa, au vichaza vidogo hung'ang'ania shina na majani hadi ukalemewa na kulala. Baada ya miezi michache hubaki vijiti, na picha zilizopigwa siku ile.

Walioumia sana kwa kosa hili ni Sri Lanka. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 watu walipanda mikoko kwa bidii kubwa, wakiamini msitu ungewakinga siku nyingine. Watafiti walipokwenda kukagua maeneo 23 yaliyopandwa, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2017, walikuta maeneo 9 hayana hata mche mmoja uliobaki hai. Sababu zilizotajwa ni zilezile tunazoziona huku: miche iliwekwa kwenye kina au udongo usioifaa, na baada ya sherehe hakuna aliyerudi kuitunza.

Kwa hiyo, msafiri, kabla ya kupanda tembea. Anzia ukingo wa bahari maji yakiwa yamekupwa na uelekee nchi kavu polepole. Mti wa kwanza kukutana nao kwa kawaida ni mlilana, wenye mizizi minene iliyochongoka kutoka topeni. Nyuma yake unasimama mkoko wenyewe, ule uliozipa jamaa zake zote jina, kwa mizizi iliyojipinda kama miguu ya buibui. Kisha muia, ambao mizizi yake huchomoza na kukunja mfano wa magoti. Kisha mkandaa, mwembamba, wenye shina lililonyooka, mahali ambapo maji hayafiki kila siku. Mchu utauona nyuma kabisa, karibu na minazi, na katika ghuba nyingine utauona mbele pia, jambo linalowachanganya hata watu wenye uzoefu. Pwani ya Kenya ina aina tisa za miti hii, na kila aina ina daraja lake. Daraja hilo hupangwa na idadi ya mara ambazo maji hulifikia kwa mwezi: sehemu nyingine huloweshwa kila maji yanapojaa, nyingine hungoja bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na wakati wa maji mafu, yale madogo ya katikati, hukauka hadi chumvi ikaonekana juu ya udongo. Tofauti ya nusu mita ya mwinuko inatosha kuua mche. Macho ya mgeni hayaioni tofauti hiyo. Ya mvuvi wa hapo huiona bila kupima.

Ukifika kwenye mchu, simama kidogo. Chuma jani moja ulirambe upande wa juu: ni chumvi tupu, maana mti huu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwa majani. Sasa inama. Vile vijiti vilivyosimama topeni kwa mamia, vyembamba kama penseli, ni mizizi inayopanda juu kutafuta hewa, kwa sababu ndani ya tope hewa hakuna. Kibonyeze kimoja kwa kidole, kinabonyea kama sponji. Hizo ndizo pua za mti. Kundi la watu arobaini likipita hapo kwa viatu vya mpira, kwenda na kurudi, huvunja pua za miti mizima ili kwenda kupanda miti michanga. Waliokuwapo mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 wanakumbuka kilichotokea mkono wa bahari wa Mwache, Mombasa: mito ilileta udongo mwingi kutoka bara, ukaifunika mizizi hiyo, na msitu ukafa umesimama. Hakuna aliyeukata. Ulizibwa pumzi tu. Kwa hiyo yule mkulima wa bara anayechimba matuta shambani ili udongo usichukuliwe na mvua anailinda mikoko hata kama hajawahi kuiona bahari.

Swali la kuuliza papo hapo ni hili: mahali hapa palikuwa na nini zamani, na kwa nini sasa pako wazi? Kama palikuwa na msitu ukakatwa, ulikuwa wa mti gani? Gazi, kijiji cha hapa Kwale, kwa mfano, msitu ulikatwa sana miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za kuchomea chokaa na matofali, na sehemu nyingine hazikurudi zenyewe. Ndiyo maana watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, na wanakijiji walianza kupanda mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lakini kama pako wazi kwa sababu barabara, tuta au shamba la chumvi limeziba njia ya maji, hata ukipanda miche elfu kumi utakuwa unawanyima watu ukweli. Zibua mkondo. Maji yakirudi, mbegu za mikoko huelea na kuja zenyewe, zikachagua kila moja daraja lake bila kuelekezwa na mtu. West Lake, huko Florida, walirudisha msitu mkubwa kwa kuondoa kifusi na kusawazisha mwinuko wa ardhi, bila kupanda mikoko. Kazi ya namna hiyo haipendezi kwenye picha, maana ni majembe na jasho, lakini ndiyo inayodumu.

Pakishathibitika kuwa pafaa kupandwa, basi ipandwe kama inavyotakiwa. Mkoko una desturi isiyo ya kawaida: mbegu yake huota ingali mtini, ikaning'inia kama kijiti cha kijani chenye urefu wa nusu mita au zaidi kidogo. Usiikate kwa kisu. Iliyokomaa huonyesha pete ya manjano pale inapoungana na tunda, na ukiishika kwa kuisokota kidogo inaachia yenyewe. Inayong'ang'ania haijawa tayari, na ukiinyofoa umeua mbili, hiyo na nafasi yake. Kagua kila moja. Yenye tundu dogo kama la sindano imeshaingiwa na mdudu anayetafuna kiini, itupe. Ziweke kivulini chini ya makuti yenye unyevunyevu siku kadhaa, kwa kuwa zilizochumwa muda huohuo ni tamu kwa kaa, nao huzikata usiku mmoja shamba zima. Kisha sukuma ncha iliyochongoka topeni kiasi cha theluthi ya urefu, wima, na kukandamiza tope kwa vidole, si kwa kisigino. Watu wengi hupanda juu chini, na wengine huzamisha hadi nusu wakidhani ndiyo kuimarisha. Chipukizi hutoka juu, likibaki chini sana maji hulizidi. Mkandaa ni hivyohivyo, ila mbegu yake ni fupi na nyembamba. Mchu una mbegu ndogo ya bapa, hulowekwa majini hadi ganda litoke, na haikai. Usipoipanda ndani ya siku chache huoza. Mlilana ndio mgumu, mbegu zake ni punje, hivyo hukuzwa kitaluni kwanza.

Nafasi ya mita moja kwa moja hula miche 10,000 kwa hekta. Mita mbili kwa mbili hula 2,500. Anayejisifu kwa idadi atataka ile ya kwanza, lakini mahali ambapo miti mama ingali karibu, ile ya pili hutosha na mbegu zinazoelea hujaza mapengo. Siku nzuri za kupanda ni pale bamvua inapokwisha na maji yanaelekea kuwa mafu, ili mche upate siku za kushika kabla maji makubwa hayajarudi. Miche ya kitaluni huja na mifuko ya plastiki. Ivue yote, maana ikibaki huikaba mizizi, halafu ihesabu: iliyotoka kitaluni ikiwa mia mbili, mia mbili irudi nayo. Nimtajie msafiri pia mbuzi na ng'ombe, wanaopenda majani ya mchu, na ambao wenyewe hawakuwapo kwenye hotuba za ufunguzi.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi. Mradi wa Mikoko Pamoja wa vijiji vya Gazi na Makongeni, ulioanza mwaka 2013 na unaouza hewa ya kaboni, yaani hulipwa kwa kaboni ambayo msitu wao unaihifadhi, una hekta 117. Katika hizo, 107 ni msitu wa asili uliokuwapo, na 10 tu ndizo zilizopandwa. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya kazi yao ni kulinda: kuzunguka msituni, kuzungumza na wakataji, kuhesabu miti na kupima mashina. Fedha inayopatikana imeingia kwenye maji ya kijiji na shule, na uamuzi wa wapi iende hutolewa na wanakijiji wenyewe barazani. Mwaka 2019 Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, walianza mradi wa namna hiyo wenye hekta 460. Anayetafuta sababu ya kuwa na matumaini na binadamu hahitaji kwenda mbali zaidi ya hapo. Watu wasio na mali nyingi wamekubaliana kuuacha usimame mti ambao kila mmoja wao angeweza kuuza boriti zake kesho.

Na wala haikuwa rahisi, kwa sababu mkoko ni mti wa kazi. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina vyumba virefu vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti. Majahazi yalipakia boriti kutoka Lamu na Rufiji miaka na miaka, yakaenda kuezeka nyumba za Oman na Ghuba ambako miti ya ujenzi ni adimu. Kenya ilizuia biashara hiyo ya nje mwaka 1982, lakini mahitaji ya nyumbani hayakuondoka: fito, mapau, nguzo, na kuni za jikoni. Ndiyo maana Gazi walipanda mivinje nchi kavu, ili mwenye kujenga apate mti wa kukata. Msafiri anayelala hoteli yenye paa la mikoko, kisha akamwambia mwanakijiji asikate, hana budi kwanza amwulize mwenye hoteli boriti zake zilitoka wapi na kwa kibali gani.

Ushauri wangu kwa mwenye siku moja tu: usiitumie kupanda. Tembea juu ya daraja la mbao la kina mama wa Gazi, lipia kiingilio, kula chakula chao, na uombe uelezwe na wenyewe. Ukibaki na fedha ya kuchangia, iombe iende kwenye posho ya walinzi na wahesabuji wa mwaka wa pili na wa tatu, sehemu ambayo wafadhili hawapendi kuigusa. Kama ni kampuni yenu inayopanda, andikeni kwenye mkataba siku za kuhesabu: mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, kisha kila mwaka hadi wa tatu. Mche uliofika hapo una nafasi nzuri. Ile mikoko iliyopandwa Gazi ilifikia kiasi cha mita 8 baada ya miaka 12, na mwenye kusimama chini yake leo hawezi kujua bila kuambiwa kwamba iliwekwa kwa mkono.

Wahenga wa pwani wakitaka kusema jambo ndiyo kwanza linaanza husema mkoko unaalika maua. Walikuwa wanaujua mti wao. Kutoka ua hadi mbegu inayoweza kupandwa mkoko huchukua mwaka mzima na zaidi, na mbegu ile unayoishika leo ilianza kazi yake kabla hujakata tiketi.

Kwako, Mhariri, nina ombi moja. Tarehe 26 Julai ni siku ya kimataifa ya mikoko, na waandishi wako hualikwa kupiga picha za viongozi wakipanda. Safari hii watumeni wakaulize ilipo miche ya mwaka jana, wafike maji yakiwa yamekupwa, na waihesabu iliyo hai. Mchapishe idadi hiyo ukurasa uleule mnaoweka picha.

Mdau wa misitu ya mikoko,
Kwale